Kabla ya fomu ya leseni ya kripto, nichoree njia ya shilingi

Tangu Rais William Ruto atie saini Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali tarehe 15 Oktoba 2025, swali ninaloulizwa zaidi ofisini kwangu hapa Kisumu ni moja: "Wakili, fomu ya leseni inapatikana wapi?" Wanaouliza ni vijana wanaouza USDT, sarafu ya kidijitali (kripto) inayofuata thamani ya dola, kwa M-Pesa, watu wa programu wanaotaka kuwalipia wafanyabiashara mizigo ya China, na mara nyingine wazazi waliotoa mtaji. Jibu langu huwa lilelile. Fomu ni ya mwisho. Kwanza chukua karatasi unichoree njia anayopitia shilingi ya mteja, kuanzia inapotoka kwenye simu yake mpaka anapopokea alicholipia.

Kijana mmoja alikuja na faili nene. Ndani mlikuwa na cheti cha kampuni, PIN ya KRA, kibali cha biashara cha kaunti na mkataba wa kukodi chumba karibu na mtaa wa Oginga Odinga. Nikaiweka faili kando, nikampa kalamu. Mteja yuko Kondele, nikamwambia, anataka USDT za shilingi 50,000. Chora. Akachora simu ya mteja, mshale, kisha simu yake mwenyewe.

"Laini hii ni ya kampuni?"

"Hapana wakili, ni yangu."

Ni laini hiyohiyo anayolipia kodi ya nyumba na karo ya mdogo wake. Mshale wa pili ulikwenda kwenye akaunti ya benki, nayo iko kwa jina lake. Wa tatu uliingia kwenye akaunti aliyoifungua kwa kitambulisho chake katika soko la kripto la ng'ambo, ambako USDT zake na za wateja zimelala pamoja. Kijana mwenyewe ni mwaminifu. Hakuna mteja aliyewahi kukosa sarafu zake. Lakini nilipomuuliza, katika pesa zilizopo sasa hivi, ni kiasi gani cha wateja, ilimbidi afungue WhatsApp aanze kujumlisha ujumbe mmoja mmoja.

Kazi ya leseni iko hapo. Sheria inataka mali ya mteja itengwe na mali ya mtoa huduma, na sababu yake si urasimu. Akaunti ikizuiwa kwa amri ya mahakama, mwenye biashara akifariki, au kampuni ikidaiwa na ikashindwa kulipa, lazima mtu asiyemjua yeyote kati yenu aweze kufungua daftari na kusema: hizi ni za mteja fulani, hizi za kampuni. Kwa kijana wangu maana yake ilikuwa nambari ya Lipa na M-Pesa kwa jina la kampuni, akaunti ya benki ya pesa za wateja pekee, pochi ya kidijitali ya wateja iliyo mbali na ya kampuni, na kila jioni mtu kukaa chini alinganishe vitu vitatu: daftari, benki na pochi. Na ufunguo wa siri wa pochi usikae kichwani mwa mtu mmoja. Muamala wa kutoa sarafu za wateja uidhinishwe na watu wawili, na iwe imeandikwa wakiwa hawapo ni nani anashika nafasi yao.

Mchoro huo ndio pia unaokuambia ubishe mlango upi. Sheria imeweka wasimamizi wawili. Benki Kuu ya Kenya inashughulikia upande wa pochi na malipo. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji inashughulikia masoko ya kubadilishia sarafu, madalali, washauri wa uwekezaji na wanaosimamia mali za kidijitali kwa niaba ya wengine. Wengi hudhani wana biashara moja, kumbe karatasi inaonyesha tatu. Ukimtafutia mteja sarafu, wewe ni dalali. Ukimwambia "ziache tu kwangu, utazichukua ukizihitaji", umeanza kutunza pochi. Ukimlipia muuzaji wake wa Guangzhou, umeingia kwenye malipo. Ushauri wangu kwa biashara changa ni kupunguza: kama hakuna haja ya kushika sarafu za watu usiku kucha, usizishike. Kila huduma unayoiongeza inaongeza maswali utakayojibu na mtaji utakaoulizwa.

Kwa nini tumefika hapa polepole hivi? Mwezi Desemba 2015 Benki Kuu ilitoa tangazo kwamba Bitcoin na sarafu kama hizo si pesa halali nchini na kwamba hakuna aliyepewa leseni ya kuzitumia kutuma pesa. Mwezi huohuo Mahakama Kuu ilikataa kuzipa kampuni za malipo Lipisha na BitPesa, ya pili ikitumia Bitcoin, amri zilizoomba dhidi ya Safaricom, iliyokuwa imezikatia huduma za M-Pesa. Hoja nzito ilikuwa kwamba BitPesa haikuwa na idhini ya Benki Kuu. Kwa takriban miaka kumi iliyofuata mfanyabiashara aliambiwa hana idhini, huku sheria ya kumpa idhini hiyo ikiwa haipo. Mimi naipokea sheria hii kwa moyo mweupe, pamoja na uzito wake wote.

Ilianza kutumika tarehe 4 Novemba 2025. Baadaye mwezi huohuo wasimamizi hao wawili walitangaza kwa pamoja kwamba hawakuwa wamempa yeyote leseni chini yake, na kwamba Hazina ya Kitaifa ilikuwa ikiandaa kanuni. Kwa hiyo mtu akikuonyesha "leseni ya kripto ya Kenya" yenye tarehe ya kabla ya hapo, au akikuuzia njia ya mkato aliyoipata wakati huo, usimpe pesa zako.

Leseni haipewi mtu binafsi wala jina la biashara tu. Ni kampuni yenye hisa, iliyosajiliwa hapa au ya nje iliyosajiliwa kufanya kazi hapa, na iwe na ofisi inayoonekana nchini. Wakurugenzi na wenye hisa wakubwa watachunguzwa kama wanafaa. Huku kwetu tatizo huwa mtaji. Kwenye CR12, hati rasmi inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni, kuna majina mawili, lakini pesa zimetoka kwa chama cha akina mama, kwa shemeji aliye Doha na kwa rafiki asiyetaka kutajwa. Huyo asiyetaka kutajwa mrudishieni pesa zake kabla hamjaomba chochote. Shemeji naye alete taarifa za benki na mkataba wa kazi, akaandikwe kama mmiliki ikiwa ni mmiliki, au kama mkopeshaji ikiwa amekopesha.

Kodi imekuwa rahisi zaidi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilitoza asilimia 3 ya thamani yote inayohamishwa, kwa hiyo kwenye muamala wa shilingi 20,000 zilikwenda 600 hata kama faida yako ilikuwa 200. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2025, badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 10 kwenye ada unayomtoza mteja. Ada ikiwa 200, ushuru ni 20. Tunza tu rekodi zako. Kwa kuwa unakusanya vitambulisho na picha za watu, angalia pia wajibu wako kwa Kamishna wa Kulinda Data.

Linalobaki ndilo linalowachosha wengi: kuzuia utakatishaji wa pesa, yaani pesa za uhalifu kufanywa zionekane safi. Kenya iliwekwa mwezi Februari 2024 kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji huo, na ukosefu wa usimamizi wa sekta hii ulikuwa miongoni mwa yaliyotajwa. Ndiyo maana benki inakuuliza sana. Utahitaji afisa wa kuripoti miamala ya kutiliwa shaka kwa Kituo cha Kuripoti Fedha, rekodi za kutunzwa miaka 7, na mwongozo ulioandikwa. Wateja huniletea mwongozo walioununua mtandaoni, wenye kurasa nyingi na jina la msimamizi wa nchi nyingine. Naurudisha. Naomba niketi na binti anayehudumia wateja, nimuulize: mtu wa Busia akituma pesa ya oda moja kutoka laini tatu zenye majina tofauti, unafanya nini? Akikataa kutoa kitambulisho? Akisema anamnunulia mjomba? Anachonijibu tunakiandika, tunakirekebisha pale kinapopingana na sheria, na hicho ndicho kinachoingia kwenye faili.