Hujui usome kozi gani chuo kikuu? Dhana zinazowapotosha wahitimu wa kidato cha sita

Matokeo yakishatoka na dirisha la udahili likafunguliwa, asiyejua asome nini hushauriwa na kila anayekutana naye. Ushauri mwingi umejengwa juu ya dhana hizi.

Dhana: "Nina daraja la kwanza, naingia kozi yoyote."
Chuo hakianzii kwenye daraja, kinaanzia kwenye masomo. Kwa kozi nyingi, mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) unadai ufaulu wa masomo mawili yanayotajwa na kozi yenyewe, jumla isipungue pointi 4: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. S, ufaulu mdogo, haimo. Kwa hiyo D mbili zinatosha, C na E pia, ila hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba tu. Kozi zinazogombewa hupanda juu yake. Na A ya jiografia haikusaidii pale panapotakiwa fizikia na hisabati. Ndiyo maana aliyesoma EGM (uchumi, jiografia na hisabati) kwa kawaida hakubaliwi uhandisi wa ujenzi, na wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) naye hukwama hapo hapo, kwani BAM, hisabati ya msingi anayosoma kama somo la ziada, haihesabiwi kama hisabati ya juu.

Chukua mwongozo wa mwaka huu (wa mwaka jana usiuamini, sifa hubadilika) na uweke alama kwenye kila kozi inayopokea masomo yako. Nyingi zitajiondoa zenyewe, nawe utabaki na orodha inayosomeka.

Dhana: "Jina la kozi linajieleza."
Hapa ndipo wengi wanapoumia. Shahada ya miaka 3 ina krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi: jumla saa 3,600 utakazokaa na masomo yaliyo nyuma ya jina hilo. Tafuta orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili kabla hujaomba. Anayeingia uchumi akitarajia mambo ya biashara hukuta kalkulasi, takwimu na ekonometriki (kupima uchumi kwa takwimu). Aliyefuata sayansi ya kompyuta kwa sababu ni fundi wa simu hukuta hisabati tupu. Sapu (mitihani ya marudio) huanzia hapo, na wapo wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli. Ikiwa kuisoma orodha tu kunakuchosha, achana na kozi hiyo.

Dhana: "Niingie popote, nitahama."
Kuhama kupo, lakini mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, uwe na sifa za kozi mpya na nafasi iwepo. Ukichelewa hadi mwaka wa pili, mara nyingi unaanza upya, na mkopo ulipangwa kwa miaka ya kozi ya awali.

Dhana: "Shahada ikiisha, kazi imeiva."
Hesabu muda hadi leseni, si hadi mahafali. Udaktari ni miaka 5 na mwaka 1 wa mafunzo hospitalini. Mwenye shahada ya sheria hupitia Shule ya Sheria kabla ya kuwa wakili. CPA, cheti cha mhasibu aliyeidhinishwa, hutolewa na NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu) kwa mitihani yake, hata kama shahada yako ni ya uhasibu. Mwalimu naye siku hizi huomba ajira na kusailiwa. Kupangiwa kituo moja kwa moja kumepita.

Dhana: "Nimechaguliwa vyuo viwili, nitaamua nikirudi JKT (Jeshi la Kujenga Taifa)."
Nafasi huthibitishwa katika chuo kimoja, kwa namba maalumu unayotumiwa kwenye simu, ndani ya siku zilizotangazwa. Ukiomba, weka namba ya simu utakayokuwa nayo kweli.