Je, wajua kwa nini alumini ya moto humwagwa kwenye mchanga?

Hapa Mombasa ukipita kwa mafundi wa jua kali wanaoyeyusha skrapu utawaona wamwaga alumini inang'aa kama zebaki ndani ya boksi la mchanga, mchanga tu, na hauyeyuki wala hauporomoki. Kwani vipi?

Joto kwanza. Alumini yayeyuka kwa nyuzi 660 tu, mchanga wa kwazi, yale madini magumu meupe, mpaka ufike kama 1,700, hata chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa cha kumwagwa, hakiuwezi. Lakini mimi naona kubwa zaidi ni kupumua, manake alumini ikiingia, hewa na mvuke lazima vipate pa kutokea na mchanga una vinafasi kati ya chembe. Mwaga kwenye saruji uone, maji yaliyojificha ndani yageuka mvuke ghafla, na maji yakiwa mvuke yapanuka zaidi ya mara 1,600, hapo ni mlipuko na wewe umevaa ndara.

Mchanga mkavu nao hausimami, ndio wauchanganya na udongo wa mfinyanzi na maji kidogo sana. Fundi aukamua kiganjani halafu auvunja katikati, ukikatika safi bila kumomonyoka uko sawa.

Sasa tuseme ataka puli, lile gurudumu la kupitishia mkanda wa mashine. Achukua puli ya mfano, aishindilia mchanga kwenye maboksi mawili, moja juu ya jingine, ayafungua aitoa taratibu na nafasi yabaki na umbo lake. Hiyo ndiyo kalibu. Aacha tundu la kumwagia na jingine la akiba, na hili la akiba wengi hawalielewi: alumini ikiganda yapungua kama asilimia 6, kwa hivyo yavuta ile iliyobaki kwenye tundu la akiba pale juu, bila hivyo puli yatoka na mashimo ndani na ikifungwa kwenye mashine yapasuka.

Na si wachote tu mchanga wa bichi, bure? Ule una chumvi yenye kuvuta unyevu, hauna udongo wa kuushikanisha, na una vipande vingi vya matumbawe na makombe, yaani chokaa, ambayo kwenye joto kali kama la kusubu chuma yavunjika na kutoa gesi.

Skrapu nayo si yoyote. Pistoni na geaboksi kuukuu ndizo tamu, zilisubiwa tangu mwanzo kwa hivyo zatiririka vizuri. Kopo za soda ni nyembamba mno, nyingi zaishia kuwa takataka ya kijivu juu ya chungu.