"Haya Yameshazoea Jua": Dhana Potofu Kuhusu Mazao na Ukame

Kila Novemba, mvua za Dodoma zikiwa bado mbali, wakulima huanza kuniletea mahindi ya mbegu niyaone. Mwaka huu wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja kutoka Chamwino, mahindi kayafunga vizuri kwenye kipande cha kitenge. "Bwana shamba, haya ndiyo yaliyopona lile jua la mwaka jana. Yameshazoea. Nayapanda tena." Nikamuuliza mbegu aliitoa wapi, akanitajia chotara ya dukani. Nilinyong'onyea, maana nimeyasikia maneno hayo kwa miaka, na najua shamba lake litakuwaje ikifika Machi.

Dhana: Hindi lililopona ukame limejifunza, na mbegu yake inakumbuka

Mmea unakumbuka, hilo silikatai. Udongo ukikauka, mmea hutengeneza homoni iitwayo ABA, matundu ya jani yanafunga, na jeni za ulinzi zinaamka. Mvua ikirudi, baadhi ya jeni hizo hubaki macho nusu: alama za kikemikali zinabaki kwenye protini ambazo DNA imezizungukia, na ukavu ukija mara ya pili jeni zile huitika haraka zaidi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, walilionyesha jambo hili kwenye arabidopsisi, mmea mdogo wa maabara. Mmea uliowahi kunyauka ulipoteza maji polepole kuliko ule ambao haujawahi kuonja kiu. Lakini tazama na muda wake. Mmea ukimwagiliwa vizuri, kumbukumbu hiyo ilidumu kama siku 5, kisha ikafutika. Siku 5! Mkulima ananiambia habari ya msimu hadi msimu, tena kupitia punje iliyokaa ghalani miezi saba.

Mbegu inapotungwa, sehemu kubwa ya alama hizo hufutwa. Zipo dalili kwamba chache huvuka hadi kizazi kinachofuata katika baadhi ya mimea, lakini si jambo la kulishia familia. Kinachorithiwa kwa uhakika ni jeni, na jeni za mahindi yako hazikubadilika kwa sababu yalipigwa na jua. Kwa chotara ndiyo mbaya zaidi. Nguvu yake imetokana na wazazi tofauti waliokutanishwa makusudi. Ukipanda punje zake, jeni zinatawanyika: mmea huu mrefu, ule mfupi, huu unachanua leo, ule wiki ijayo. Kwa chotara wa wazazi wawili, nusu ya ile nguvu iliyowazidi wazazi inapotea kwenye kizazi cha kwanza tu.

Nilimwomba yule mama tumenye hindi moja pamoja. Chini punje zilikuwa zimejipanga, katikati mapengo, na ncha nzima ilikuwa gunzi tupu. Kila uzi wa ndevu za hindi ni punje moja inayosubiri chavua. Ukame ukiangukia wakati wa kuchanua, mbelewele, yaani ua dume lililo kileleni mwa mmea, humwaga chavua kwa wakati wake, lakini ndevu huchelewa kuchomoza. Zikitoka, chavua imeshakwisha. Yale mapengo ni nyuzi zilizochelewa. Kwa hiyo hindi alilolileta kama shujaa lilikuwa limeandika udhaifu wake waziwazi.

Nikamuuliza mmea wenyewe ulisimama wapi. "Pale chini, karibu na mbuga." Basi hapo hapakuwa na uvumilivu wowote, palikuwa na maji. Udongo mweusi wa mbuga ulishika unyevu wakati kichanga cha juu kimekauka. Na punje zilizosinyaa kwa kukosa maji zina akiba ndogo ya chakula, kwa hiyo mche wake huanza maisha mnyonge. Mahindi yale hayakuwa na sababu hata moja ya kuwa mbegu.

Uvumilivu wa kweli huja kwa kuchagua, kizazi baada ya kizazi. Kuanzia miaka ya 1970, wataalamu wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kule Meksiko, walipanda mahindi ya nyanda za joto wakati wa kiangazi, wakayabania maji makusudi, wakawa wanabakiza familia zilizotoa mazao na ambazo ndevu zake hazikuchelewa nyuma ya mbelewele. Walirudia mizunguko 8. Mtama na uwele wa Wagogo nao ulichujwa na mikono ya wakulima kwa njia hiyohiyo, kwa muda mrefu kuliko mradi wowote.

Kwa hiyo ukitaka kutunza mbegu, anza na mbegu isiyo chotara, kama Situka au Staha. Usisubiri mavuno. Pita shambani wakati wa kuchanua ukiwa na kamba za mkonge, ufunge kila bua ambalo ndevu zimetoka pamoja na mbelewele. Funga katikati ya shamba, mbali na chotara ya jirani, na usifunge palipo na bonde wala kichuguu. Fikisha mabua mia moja au zaidi, ukichukua machache mbegu inadhoofika. Ushauri huu nautoa kila mwaka na wanaoufuata nawahesabu kwa vidole, lakini sitaacha kuusema.

Mengine ninayoyasikia

"Mtama hauhitaji maji." Unahitaji. Tofauti ni kwamba mtama ukibanwa unaweza kusimamisha ukuaji na kusubiri, na nta iliyo juu ya jani hupunguza upotevu wa maji. Mvua ikichelewa kupita kiasi wakati unatoa masuke, utapata masuke matupu. Tengeneza matuta ya kufunga, yaani yaliyozibwa katikati kwa vituta vya kukingama, maji yabaki shambani.

"Nyima miche ya nyanya maji mpaka ianguke, ndiyo iwe sugu." Miche kwenye kitalu hukomazwa kwa kupunguza maji taratibu siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamishwa. Hapo ile kumbukumbu fupi ina kazi, maana mche unavuka siku zake ngumu za mwanzo. Ukiiacha ilale chini umeijeruhi. Na ikishaanza kuchanua, usijaribu kuikomaza tena.

"Loweka mbegu, itavumilia ukame." Kuloweka mahindi usiku mmoja, ukayaanika kivulini mpaka maganda yakauke na kuyapanda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu, husaidia yaote haraka na kwa pamoja. Faida ni hiyo. Mbegu iliyopakwa dawa usiiloweke.

"Majani yamejikunja, mahindi yamekufa." Hili ndilo huwafanya watu wang'oe shamba mapema. Jani likijikunja saa nane mchana linapunguza eneo linalopigwa na jua, ni ulinzi. Rudi saa 12 asubuhi uyaangalie. Yakiwa yamefunguka, mmea umejirudisha usiku. Yakiwa bado yamekunjamana kabla jua halijachomoza, maji yamekwisha kwenye mizizi, na kama una kisima karibu, anza na mistari inayokaribia kutoa mbelewele.