Kipimo cha kujiamini kwa mwalimu wa sayansi, ni kitu gani hasa?

Unaweza kukuta mwalimu fizikia anaijua vizuri tu, cheti kipo, chuoni alifaulu, lakini siku ya prakitiko anachora saketi ubaoni kwa chaki huku betri, balbu na nyaya zimelala kabatini, maana anawaza balbu ikigoma kuwaka mbele ya fomu tu nzima ataficha wapi uso. Hapo kilichopungua sio elimu, ni kujiamini, na kujiamini nako kuna watu walikaa chini wakatafuta namna ya kukupima.

Wazo lenyewe ni la mwanasaikolojia Albert Bandura, 1977: mtu akiamini jambo analiweza atalianza, na likimgomea hakimbii haraka. Mwaka 1990 Iris Riggs na Larry Enochs wa Marekani wakalipeleka kwenye sayansi ya shule ya msingi, wakatoa dodoso linaloitwa STEBI. La walimu walioko kazini lina sentensi 25, la wanachuo 23, na kila sentensi ina majibu matano, kuanzia nakubali sana mpaka sikubali kabisa.

Sasa utamu uko hapa, dodoso hilo linapima imani mbili. Moja ni "mimi kufundisha naweza", ya pili ni "nikifundisha vizuri watoto wataelewa". Utadhani ni kitu kimoja, wapi! Kuna mwalimu anajiona yuko fiti kabisa ila ukimuuliza kuhusu watoto anakwambia darasa lina watu tisini, kitabu kimoja wanagombania sita, mimi nifanyeje? Huyo ya kwanza iko juu, ya pili iko chini, ukizijumlisha ukapata namba moja umeshampoteza, ndo maana alama zake zinahesabiwa mbali mbali.

Halafu sentensi nyingine zimeandikwa kinyume, mfano (huu wa kwangu) "jaribio likigoma huwa naombea kengele ilie". Anayekubali sana hapo anapewa 1 sio 5. Inasaidia kumshtukia yule anayetiki nakubali nakubali mpaka chini bila kusoma, ila mwenye kuhesabu akisahau kugeuza, muoga anatoka shujaa.

Usichanganye kujiamini na mtazamo, mtazamo ni habari nyingine, huo ni kupenda somo, kuliona lina faida au kulichukia. Mtu anaweza akaipenda kompyuta kufa na bado kuifundisha akatetemeka.

Shida ninayoiona mimi ni kwamba mwalimu anajijazia mwenyewe, na akihisi karatasi itapita mezani kwa hedimasta wote wanakuwa majasiri. Na kuna hili la semina: unawapima kabla, unawapima baada, unakuta alama zimeshuka! Sio lazima semina iwe mbovu, mara nyingine mtu alijipa 5 Jumatatu kwa sababu hakujua asichokijua, Ijumaa ameshashika vifaa mwenyewe anajipa 3 ya ukweli. Ndo maana wapimaji wengine siku ya mwisho wanauliza yote mawili kwa pamoja, leo unajionaje, na ukikumbuka Jumatatu ulikuwa wapi kweli.