Nyuma ya kitambaa cha merikani

Muda mrefu kabla ya filamu na simu, watu wa pwani yetu waliijua Marekani kwa nguo. Katika karne ya 19 kitambaa cha pamba, kizito na kisichotiwa rangi, kilishushwa Unguja kwa marobota, kisha kikapanda bara mabegani mwa wapagazi mpaka Tabora na Ujiji. Kiliitwa merikani. Misafara ililipia chakula kwa kitambaa hicho, na watemi walipokea hongo, yaani ushuru wa kupita nchini mwao, kwa doti zake. Kilikuwa nguo na kilikuwa fedha.

Sisi tunaofanya kazi ya makumbusho tunapowaonyesha wageni vitambaa vya kale, wengi huuliza vilifikaje huku. Hilo ni jepesi. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuja kutafuta pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mwaka 1837 Richard Waters akafika Unguja kuwa konseli wa kwanza wa Marekani. Pembe nyingi ziliishia Connecticut, zikachongwa kuwa vibao vya piano. Swali ninalotamani kuulizwa ni jingine: nani alikifuma kitambaa hiki, na nani aliichuma pamba yake? Ukiwafuata watu hao unaiona Marekani ikibadilika mbele ya macho yako. Unaona pia kwamba kila mashine mpya ilipoingia, aliyenufaika na aliyeumia walitegemea nani alikuwa na sauti katika kutunga sheria.

Tuanze na mfumaji. Francis Cabot Lowell alizuru Uingereza kati ya 1810 na 1812. Waingereza hawakuruhusu michoro ya mitambo yao ya kufuma itoke nchini, basi yeye akaitazama, akaihifadhi kichwani, na aliporudi kwao akaiunda upya akisaidiwa na fundi Paul Moody. Baada ya kifo chake wenzake walijenga mji wa viwanda kando ya mto Merrimack, wakaupa jina lake. Maji ya mto ndiyo yaliyozungusha magurudumu, na wengi wa waliosimama mbele ya mitambo walikuwa mabinti wa wakulima.

Leo kimojawapo cha viwanda hivyo ni makumbusho. Chumba cha kufumia kina mitambo kadhaa ya zamani inayofanya kazi, na mgeni hupewa vizibo vya masikio kabla ya kuingia. Mabinti wale hawakupewa kitu. Walisimama ndani ya kishindo hicho saa 12 au zaidi kwa siku, siku sita kwa wiki, wakiamshwa na kulazwa kwa kengele. Madirisha yalifungwa hata siku za joto, maana uzi ukikauka hukatika.

Hata hivyo walikuwa na mshahara wao mkononi, jambo ambalo mama zao hawakulijua. Mwaka 1834 mshahara ulipopunguzwa, waligoma. Mwaka 1836 gharama za mabweni zilipopandishwa, wakagoma tena. Katika miaka ya 1840 Sarah Bagley na wenzake walikusanya maelfu ya saini wakiomba siku ya kazi iwe saa 10. Bunge la jimbo liliwasikiliza, kisha likakataa. Hawakuwa wapiga kura, na wabunge walilijua hilo. Sheria ya saa 10 kwa wanawake na watoto ilipita Massachusetts mwaka 1874, na haki ya wanawake kupiga kura nchi nzima ikaja 1920.

Sasa tuishike pamba yenyewe. Msomaji wa Simiyu au Shinyanga hahitaji kuambiwa jinsi tumba lililokauka linavyochoma vidole. Kule kusini mwa Marekani, kutenganisha nyuzi na mbegu kwa mkono kulimla mtu siku nzima kwa takriban nusu kilo tu. Mwaka 1793 Eli Whitney akabuni mashine ya kuchambua pamba. Mtu angedhani kazi ikipungua, utumwa nao utapungua. Haikuwa hivyo. Uchambuzi uliporahisishwa, wenye mashamba walitaka ardhi zaidi na mikono zaidi ya kuchuma. Watumwa walikuwa karibu 700,000 mwaka 1790. Kufikia 1860 walikaribia milioni 4. Merikani iliyovaliwa Unguja ilifumwa na mabinti wenye mshahara, kwa pamba iliyochumwa na watu waliouzwa mnadani. Nami siwezi kukishika kitambaa kile bila kuwakumbuka wote wawili.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliikata pamba hiyo, na huku kwetu merikani ikawa adimu. Nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake sokoni. Kule Marekani utumwa ulifutwa kikatiba Desemba 1865, na mwaka 1870 wanaume weusi wakahakikishiwa kura. Mwaka huo huo Hiram Revels wa Mississippi akawa mtu mweusi wa kwanza kuingia Seneti.

Mlango huo ulifungwa upesi. Familia zilizokombolewa hazikupewa ardhi; nyingi zililima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, zikakopa mbegu na unga dukani kwake, na mwisho wa msimu hesabu ikawaacha na deni. Mwaka 1890 Mississippi iliandika katiba mpya yenye kodi ya kichwa na mtihani wa kusoma. Kwetu wakoloni walitoza kodi ya kichwa ili watu watoke kwenda kufanya kazi. Kule ilitozwa ili mtu mweusi asifike kwenye sanduku la kura.

Wengi wakahama. Kati ya takriban 1910 na 1970, watu weusi wapatao milioni 6 waliondoka kusini, na reli ya Illinois Central ikawapeleka wengi Chicago, kwenye viwanda na kwenye kura. Mwaka 1928 wapiga kura wa mji huo walimpeleka bungeni Oscar De Priest, mzaliwa wa Alabama, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa.

Tarehe 2 Oktoba 1944, katika shamba la Hopson karibu na Clarksdale, Mississippi, watu walikusanyika kutazama mashine ikichuma pamba. Mchumaji hodari alichuma kama kilo 9 kwa saa. Mashine moja ilichuma kama kilo 450. Kwa hesabu za shamba lenyewe, robota moja lililochumwa kwa mikono liligharimu dola 39.41, na kwa mashine dola 5.26. Baada ya hapo mwenye shamba hakuwa na haja tena ya kumbembeleza mtu abaki.

Katika hali hiyo, tarehe 31 Agosti 1962, Fannie Lou Hamer alipanda basi pamoja na wenzake 17 kwenda Indianola kujiandikisha kupiga kura. Alikuwa mtoto wa 20 katika familia ya wakulima wa mgawano, na pamba alianza kuichuma akiwa na miaka sita. Alitakiwa aeleze maana ya kifungu cha katiba ya jimbo, akashindwa. Njiani kurudi, polisi walilisimamisha basi, na dereva akatozwa faini ya dola 100 kwa kosa la rangi: eti basi lilikuwa la njano mno. Nyumbani, mwenye shamba alilomtumikia miaka 18 alimtaka afute maombi yake au aondoke. Hamer alimjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili yake. Alikwenda kwa ajili ya nafsi yake. Usiku huo huo akaondoka. Alirudia mtihani, na kufikia Januari iliyofuata alikuwa amefaulu.

Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa saini tarehe 6 Agosti 1965. Kabla yake, Mississippi ilikuwa imeandikisha chini ya asilimia 7 ya watu weusi wenye umri wa kupiga kura. Kufikia 1967 walikuwa karibu asilimia 60, na mwaka huo Robert Clark akachaguliwa kuingia bunge la jimbo, mtu mweusi wa kwanza humo katika karne ya 20. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikifuta kigezo kilichoyalazimu majimbo kama Mississippi kuomba kibali cha serikali kuu kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi. Mashamba ya Clarksdale sasa yanavunwa na mashine, na mzozo kuhusu daftari la wapiga kura ungali mahakamani na mabungeni.