Pikseli si nukta ya picha

Kwenye maduka ya simu ya Mwanjelwa, Mbeya, neno pikseli hubeba mambo matatu kwa pumzi moja. Kamera ina pikseli hamsini, skrini pikseli zake zimekufa, picha ikivutwa sana imepasuka pikseli. Biashara haiharibiki kwa hilo, maana muuzaji na mnunuzi wanaelewana. Shida huanza neno hilohilo linapoingia darasani. Mwanafunzi wa kidato cha sita anasoma kwamba wanafizikia huchunguza muundo wa kiini cha atomi kwa vihisi vya pikseli, naye anaondoka akiamini kuna kamera kali kupita zote iliyokipiga kiini picha. Kamera hiyo haipo, na haiwezi kuwepo.

Maana ya neno ni fupi. Pikseli ni sehemu ndogo kuliko zote katika mpangilio wa mistari na safu, yenye anwani yake na thamani yake. Ikiwa ndani ya kihisi, ni kijisehemu cha silikoni kinachokusanya chaji ya umeme na kuitolea taarifa.

Neno lenyewe lina historia inayoeleza tulikopotelea. Magazeti ya burudani ya Marekani yalifupisha neno la picha kuwa "pix" tangu miaka ya 1930, kwa sababu vichwa vya habari vina nafasi finyu. Mwaka 1965 Fred Billingsley, aliyekuwa akishughulikia picha zilizotumwa na vyombo vya angani kutoka Mwezini na Mirihi, aliandika "pixel" katika makala zake: "pix" ya picha na "el" ya elementi. Elementi ni kijenzi, kitu ambacho vingi vyake vikipangwa hufanya kitu kizima, kama tofali kwenye ukuta. Wajerumani walikuwa na neno lao la zamani zaidi, "Bildpunkt", lililomo kwenye hati ya uvumbuzi ya Paul Nipkow, mmoja wa waasisi wa televisheni, ya miaka ya 1880, na hilo kweli maana yake ni nukta ya picha. Sisi tumechukua sauti kutoka kwa Mmarekani, kisha tukaipachika maana ya Mjerumani. Anayefafanua pikseli kwa Kiswahili mara nyingi huanza na "nukta ndogo", na hapo ndipo kijenzi kinapotea. Nukta haina upana wala kina, haijai, haivuji, haipati joto. Pikseli ya kihisi hufanya yote hayo.

Fikiria madebe yamepangwa uani Tukuyu, safu kwa safu, mvua inanyesha. Kila debe lina namba. Mvua ikikatika unapita na rula, unaandika debe namba fulani limeshika kiasi gani. Hiyo ndiyo pikseli ya kamera. Mwanga ukiingia kwenye silikoni hung'oa elektroni, elektroni zinajaa, muda ukiisha zinahesabiwa. Rangi haimo. Juu ya kila pikseli kuna kichujio cha rangi moja tu: nusu ya pikseli zote hupokea kijani, robo nyekundu, robo bluu, na rangi unayoiona imepigiwa hesabu kutoka kwa majirani. Pikseli ya skrini ni kitu kingine kabisa, kwani yenyewe ina vijitaa vya rangi tatu na hutoa mwanga badala ya kuupokea. Turudi kwenye kamera: simu ya megapikseli 50, yaani pikseli milioni 50, kwa kawaida hukupa picha ya megapikseli 12.5: inajumlisha madebe manne manne kuwa moja, kwa sababu kila debe ni dogo mno, yapata mikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita), na likiachwa peke yake gizani hutoa chenga.

Pikseli ya mwanafizikia wa viini haingoji ijae. Chukua kihisi kiitwacho ALPIDE, kinachotumika kwenye jaribio la ALICE huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Kipande kimoja kina upana wa milimita 15 na urefu wa milimita 30, na kina pikseli 512 kwa 1,024, yaani nusu megapikseli. Dukani hakuna ambaye angekigusa. Lakini kila pikseli, yenye upana wa mikromita 28 hivi, ina amplifaya yake ya kukuza ishara, kilinganishi chake cha kuipima ishara hiyo, na kumbukumbu ya matukio matatu. Chembe yenye chaji ikipenya tabaka la silikoni la mikromita 25, huacha elektroni kama 60 hadi 80 kwa kila mikromita, jumla yapata 1,500. Elektroni hizo zinasambaa hadi zifikie kidayodi, yaani kikusanya chaji, cha mikromita 2 katikati ya pikseli. Pale kuna kizingiti, kwa kawaida kama elektroni 100. Chaji ikikivuka, pikseli inajibu "ndiyo" na kutoa anwani yake. Isipokivuka, kimya. Haisemi zilikuwa elektroni ngapi wala chembe ilikuwa ya aina gani.

Kizingiti hicho ndicho chenye kazi ya kukesha nayo. Ukikishusha mno, mtetemo wa umeme wa ndani unakivuka wenyewe na pikseli zinapiga kelele bila chembe yoyote. Zilizozidi hunyamazishwa moja moja kwa anwani zao. Ukikipandisha mno, chembe inapita katikati ya pikseli mbili au tatu, chaji inagawanyika, na hakuna hata moja inayofika. Mgawanyiko huohuo, kizingiti kikiwa sawasawa, ni faida. Pikseli moja ikijibu peke yake, unajua mahali kwa kosa la upana gawanya kwa kipeuo cha pili cha 12, yaani 28 kwa 3.46, kama mikromita 8. Zikijibu jirani mbili au tatu, katikati ya kishada hicho hukupa mikromita 5 hivi. Kisha miaka inavyokwenda, mionzi inahamisha atomi za silikoni kutoka mahali pake, mkondo unaovuja unaongezeka, na kizingiti kinapaswa kurekebishwa upya. ALICE ina vipande hivyo zaidi ya 24,000, katika matabaka saba kuzunguka bomba la miali, jumla pikseli bilioni 12.5 kwenye eneo la mita za mraba 10. Tabaka la ndani liko kama milimita 23 tu kutoka katikati.

Sasa kiini. Kiini cha risasi, ile metali, kina kipenyo cha femtomita 14 hivi, na femtomita ni sehemu moja ya bilioni ya mikromita. Pikseli ya mikromita 28 ni pana kukishinda mara bilioni mbili. Hata ungeisaga mara elfu, huwezi kupata picha kwa njia hiyo. Kinachofanyika ni kugonganisha viini viwili kwa kasi inayokaribia ya mwanga na kuandika zilikopita chembe zinazotoka. Anwani kutoka matabaka saba huunganishwa kuwa njia. Njia hurudishwa nyuma hadi zinapokutana. Pamoja na chumba kikubwa cha gesi kinachozunguka pikseli, kila chembe hupata pembe yake na msukumo wake.

Umbo hutokana na pembe hizo. Viini viwili vya mviringo kamili vikigongana uso kwa uso, tone la moto linalotokea huwa la duara na chembe hutoka karibu sawa kila upande. Kiini kikiwa kimerefuka kama yai na kikaangukia ubavu, tone nalo hurefuka, mgandamizo unasukuma zaidi kwenye upande mfupi, na chembe huzidi upande huo. Tukio moja halithibitishi chochote, inahitajika mamilioni. Risasi-208, yenye protoni 82 na nutroni 126, ni mviringo. Zenoni-129 ilipogonganishwa mwaka 2017, migongano ya uso kwa uso ilionyesha mrefuko unaozidi ule wa risasi, kama inavyotarajiwa kwa kiini kisicho mviringo. Julai 2025 ikaja zamu ya oksijeni na neoni. Nadharia ilitarajia neoni-20 iwe kama kibuyu chenye shingo, na mrefuko uliopimwa kwa neoni ulizidi wa oksijeni.

Anayetaka kuiona pikseli ikifanya kazi ya namna hii anaweza kwa simu yake. Ziba lenzi ya nyuma kwa foili ya jikoni, tabaka mbili, kisha soltepu nyeusi ya mafundi umeme. Chagua sekunde 30, ISO (wepesi wa kihisi) 1600, na hifadhi kwa muundo wa DNG, yaani picha ghafi isiyosafishwa na simu. Ukiacha picha ya kawaida, programu ya simu itaona punje nyeupe, itadhani ni chenga na kuifuta. Isimamishe simu wima, ili miuoni, chembe zenye chaji zitokazo juu angani, zipite ndani ya kihisi kwa urefu na kuacha mstari badala ya tundu. Mbeya mjini tuko yapata mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo tunazipata nyingi kuliko Dar es Salaam, lakini kihisi cha robo sentimita ya mraba hakitapitiwa hata mara moja kwa dakika, hivyo picha nyingi zitakuwa tupu. Piga mia. Usiku wa Juni au Julai unafaa kuliko mchana, kwani kwa kila nyuzi 7 hivi za baridi inayoongezeka, kelele ya joto ndani ya silikoni hupungua nusu. Punje inayorudi mahali palepale kila picha ni pikseli mbovu. Inayotokea mara moja na kutoweka ndiyo chembe. Usihangaike kuweka gunia la viazi vya Uporoto pembeni ukitarajia chembe zaidi. Kilo moja ina potasiamu-40, aina ya potasiamu yenye mionzi, inayovunjika zaidi ya mara 100 kwa sekunde, ila elektroni zake nyingi hunaswa ndani ya kiazi chenyewe, na mionzi yake ya gama mara nyingi inapenya mikromita chache za silikoni bila kuacha kitu.

Mtu akisema pikseli zimepiga picha ya kiini, hakuna haja ya kumkemea. Mwambie tu kwamba pikseli zimeandika chembe zilikopita, kila moja kwa anwani na "ndiyo" yake, na umbo la kiini limepatikana kwa hesabu iliyofuata.