Eneo halisi la seli ya gridi

Data nyingi za mvua, joto na misitu huja zikiwa zimegawanywa katika seli, yaani vijisanduku vilivyopangwa kwa latitudo na longitudo. Kwenye skrini vyote vinalingana. Ardhini havilingani, kwa sababu mistari ya longitudo huzidi kukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta, hadi ikutane kwenye ncha za dunia. Eneo halisi la seli ni zile kilomita za mraba inazofunika juu ya uso wa dunia.

Chukua seli ya nyuzi 1 kwa 1. Inayopakana na ikweta, kama ile ya Nanyuki, ina takriban km² 12,364. Ya Songea, kati ya nyuzi 10 na 11 kusini, ina km² 12,157. Tofauti haifiki asilimia 2, na hapo ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapozoea vibaya: tunashika namba moja, tunaizidisha kwa idadi ya seli, na jibu linakubalika. Ipeleke namba hiyohiyo Helsinki. Seli ya huko ina km² 6,088 tu, chini ya nusu!

Kanuni yenyewe ni fupi:

Eneo = R² × upana wa seli kwa radiani (nyuzi × π ÷ 180) × (sin ya latitudo ya kaskazini − sin ya latitudo ya kusini)

R ni nusu kipenyo cha dunia, km 6,371. Seli zote za safu moja ya latitudo zina eneo sawa, hivyo kwa dunia nzima unakokotoa mara 180 tu, si mara 64,800. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha. Anayetaka usahihi zaidi atumie umbo la WGS84, yaani kielelezo cha dunia kinachozingatia kubonyea huko, ingawa tofauti haizidi sana asilimia 1.

Madhara makubwa yako kwenye wastani. Seli zilizo nje ya nyuzi 60, kaskazini na kusini, ni theluthi ya seli zote, lakini zinafunika asilimia 13.4 tu ya uso wa dunia. Ukijumlisha joto la kila seli na kugawanya kwa idadi, maeneo ya baridi yanapewa uzito zaidi ya mara mbili ya unaostahili, na dunia inaonekana baridi kuliko ilivyo. Kila seli izidishwe kwanza kwa eneo lake.

Mteremko ni suala jingine. Kwenye milima kama Uluguru, uso wa ardhi yenye mteremko wa nyuzi 30 unazidi eneo la ramani kwa karibu asilimia 15. Hilo linamhusu anayepima mmomonyoko wa udongo. Hekta za upimaji wa ardhi huhesabiwa kwa eneo la ramani.